Majirani saba na mzizi wa kikohozi

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, ingawa naona aibu kuitwa babu, hata kama ni kwa ukoo, na mtu tuliyepishana naye miaka mitatu. Huku Ndungu tuko salama. Mpunga umeanza kuzaa na ndege wanatusumbua.

Unauliza kwa nini mkutubi wa chuo chenu cha uuguzi amekurudishia mapitio yako ya tafiti, wakati umekusanya tafiti saba zinazosema dawa unayoiandikia inafaa. Mimi niliishia darasa la nne, ila nakumbuka kile kikohozi cha mama.

Majirani saba waliniambia nimwachishe vidonge vya hospitali, nimpe mzizi. Nikaingiwa na wasiwasi, maana walisema maneno yaleyale. Nikamuuliza kila mmoja, "Ulimwona nani akipona?" Wote wakamtaja Mzee Elifuraha wa Kisiwani. Nikapanda baiskeli, nikamfuata.

"Mzizi nilikunywa," akasema huku anacheka, "na vidonge nikameza vyote. Hawa majirani zako hilo hawakuniuliza."

Mama akamaliza vidonge vyake. Sasa hivi yuko shambani, anafukuza ndege.

Hizo tafiti zako saba, ziulize kila moja ilimwona nani. Isije ikawa zote zinamsimulia Elifuraha.

Babu yako,
Yona