Nimnunulie Mume Wangu Ukame?

Mpendwa mshauri Lorna, naomba unisaidie kabla sijamkosea mume wangu zaidi. Niko na mtoto mmoja, Zipporah, tunaishi hapa Noonkopir, na shule niliachia darasa la nane kwa hivyo ukiona nimekosea kuandika univumilie. Bwana yangu Koinet kwao ni ndani huko Kajiado, na ule ukame mbaya ulimaliza ng'ombe wote wa baba yake, ndio akakuja huku akawa soja wa geti. Hakuwa anaongea juu ya hao ng'ombe hata kidogo, akirudi kazini anakaa tu, mpaka ndugu yangu Mugo akatuachia mashine yake ya gemu na ndani kulikuwa na gemu ya kufuga. Mshauri, mtu wangu alifunguka! Anawapa ng'ombe majina, ananiita, "Mama Zippy, kuja uone, huyu ni Sampu, yule wa madoadoa wa mama." Siku moja nikamsomea kwa sauti ile namba iko juu ya skrini, "Baba Zippy, si sasa uko na arobaini!" akazima mashine, kumbe kwao ni mwiko kuhesabu ng'ombe hivyo, na kesho yake nikapata amebandika plasta juu ya namba. Sasa kumetoka nyongeza ya hiyo gemu, unainunua kwa mtandao inaingia kwa ile uko nayo, inaleta malisho mapya na visima, lakini pia inaleta ukame, na usipohama ng'ombe wanakufa. Anaitaka sana. Mimi ndio najua kununua kwa simu, na niliogopa, nikamdanganya eti mashine imejaa. Jana nikapata amefuta gemu ya mpira, ile yeye na Mugo hucheza Jumapili wakitusiana kwa mzaha. "Nimetoa mpira," akaniambia, "sasa ng'ombe watatoshea?" Nikaenda kupindua chapati. Hiyo nyongeza inafaa kununuliwa kweli, ama nitakuwa namuulia ng'ombe mara ya pili? Naamini iko njia.

Wahu, Noonkopir

Wahu, hujakosea kuandika. Umekosea kwingine. Ulimwona mume wako amefurahi baada ya muda mrefu, ukataka kumzungushia ua asiguswe na kitu. Huo ni upendo, na siucheki. Lakini nani alikuambia Koinet hajui anachoitisha? Mtu aliyeona ng'ombe wa babake wakiisha hahitaji wewe umpimie ukame. Ulimfungia mlango kwa uongo, naye akatoa mpira wa shemeji yake ili apite. Haya, umeona?

Kuhusu gemu yenyewe, nimekaa nikatazama watu wakiicheza kwa mtandao, maana kubahatisha ni rahisi. Ingekuwa ni ng'ombe wa rangi mpya na kofia za mchungaji tu, ningekuambia weka simu chini. Si hivyo. Ukame wake haumvizii mtu: nyasi hubadilika mapema, visima vinashuka, na anayehama kwa wakati huokoa karibu kundi lote. Kwao hakupata nafasi hiyo. Labda ndiyo anaitafuta, labda pia itamuuma. Mimi sijui na wewe hujui. Aulizwe mwenyewe.

Kwa hivyo leo akirudi, kabla hajashika mashine, mwambie, "Haikuwa imejaa. Niliogopa utaumia tena." Usijitetee. Akikasirika, ana haki. Kisha rudisheni mpira, Mugo asije Jumapili akakosa wa kutusi. Koinet akisema bado anaitaka, nunua, na usinune. Boma lake la sasa ndani ya gemu lihifadhiwe kando, aanze nyongeza na kundi jipya. Akitaka kumhamisha Sampu baadaye, hilo ni lake. Na ukame ukianza usijifiche jikoni. Keti hapo karibu naye. Asipoongea usimsukume. Akikuuliza ng'ombe wahamie upande gani, sema hujui, akuonyeshe.