Mti Usioonyeshwa Msafiri

Jumatatu, 2 Juni 2025

Ngozi za samaki zimefika kutoka Karema. Dieudonne muuza samaki kaleta ndoo nzima, kaondoka mbio hata sijamshukuru. Nimezichemsha nyuma ya jiko kupata gundi yake. Babu Gaspar kapita, kaziba pua, kauliza kama huko chuoni Morogoro ndiko nilikofundishwa kupika mchuzi wa namna hii.

Nikamweleza kwa mara ya kumi: gundi hii naichanganya na maji ya majani ya dawa anayotibia Bibi, naitia kwenye bomba la sindano, umeme mkali unaivuta mpaka inakuwa nyuzi nyembamba kuliko utando wa buibui. Nyuzi zikirundikana, ni kitambaa cha kufungia kidonda, wadudu wasisogee. Kanisikiliza vizuri sana. Halafu: sasa hicho kitambaa kinaliwa na ugali?

Jioni Bibi katia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Tumecheka mpaka machozi! Babu kasema ni uzee. Bibi kasema hapana, ni mapenzi.

Alhamisi, 5 Juni 2025

Jamani! Majani ya Aprili yaliua kila kitu – duara safi kuzunguka kila kipande cha kitambaa, mpaka nilicheza peke yangu maabara kule chuoni. Leo, maabara ya zahanati hapa, nimejaribu majani mapya, yale Bibi aliyonipa wiki iliyopita. Bakteria wamestawi kama mpunga wa Usevya. Hakuna duara. Hata kaduara!

Nimelaumu umeme, ulikatika mara tatu. Nimelaumu ngozi. Nimemlaumu Dieudonne, maskini, naye hana habari.

Dokta Odeta, msimamizi wangu, kapiga simu. Wimbo ni ule ule: majani yaliyotwangwa na kufungwa kwenye kipande cha kanga hayana jina. Anataka tawi zima, anataka jina la mti. Bila hivyo, hakuna shahada. Na basi langu la kurudi ni Ijumaa ijayo.

Jumapili, 8 Juni 2025

Baada ya misa nimempigia Bibi magoti. Kagoma. Mti wa dawa hauonyeshwi msafiri, unaonyeshwa mtu atakayekaa. Msafiri akiondoka nao, wagonjwa wa hapa Ilembo watabaki na nani? Nikasema nitarudi, Bibi. Kasema hata mvua husema hivyo.

Babu kaingilia: mwonyeshe mke mwenzio, akikosa mume Morogoro atarudi hapa hapa kwangu. Bibi kacheka, kalegea. Ila kuna sharti – tutaondoka alfajiri, na hakuna kusema neno wala kumsalimia mtu mpaka dawa ifike nyumbani.

Mimi! Ninyamaze! Babu kasema basi mti uko salama.

Jumanne, 10 Juni 2025

Hatukufika hata darajani. Mzee Severini, katekista, katokea na baiskeli yake. Shikamoo ilitoka yenyewe! Nimelelewa, nifanyeje? Bibi kageuka kurudi nyumbani. Njia nzima ya kurudi kanishika bega, kalikaza kweli. Nikadhani anaogopa nitamkimbilia mwingine nimwamkie.

Jumatano, 11 Juni 2025

Simu iliita. Nikasema haloo.

Sitaki kuandika zaidi. Kesho simu inabaki kwa Babu, na Bibi ameamua nijaze maji mdomoni. Kesho ndiyo mwisho, keshokutwa nasafiri.

Alhamisi, 12 Juni 2025, porini

Naandika hapa hapa kwa penseli, maana mdomo umejaa maji na nisipotoa haya nitapasuka.

Watu wanne wamenisalimia njiani. Nimewapungia mkono kama mheshimiwa. Mama Recho kasema siku hizi mimi Aneth nina maringo, na mpaka saa nne mtaa wote utajua. Bibi mkono begani kwangu mwendo wote.

Tumefika. Wachoma mkaa wametutangulia. Visiki vitupu, imebaki miti michache tu. Bibi kapapasa gome la mti wa kwanza, katabasamu, kaanza kuchuma. Kanipa jani. Nimelifikicha, nimenusa.

Silo.

Sura ya jani lenyewe siijui, ila harufu yake! Tangu Aprili imeganda kwenye vidole vyangu, hata sabuni imeshindwa. Nimezunguka, nimefikicha mti wa pili, wa tatu. Wa tatu ndio. Hatua kumi kutoka alipo Bibi, na yeye bado anajaza kapu kule, anajisikia raha.

Chumvi kwenye chai. Bega langu. Majani ya wiki ile yasiyoua kitu, ambayo kwa uvundo wa ngozi za samaki sikuyanusa. Bibi yangu haoni! Na mimi nilicheka mpaka machozi. Naona aibu, nataka kulia, na kulia nako kunataka mdomo.

Nikimeza maji niseme, safari imeharibika, na atajua kwamba nimejua. Nikinyamaza, kapu hili litaenda kwenye vidonda vya watu. Nikimshika mkono nikamsogeza mpaka mti wa tatu, basi aliyeonyesha mti ni mimi. Wa kukaa ni nani, kama si anayeujua? Na tiketi ya kesho iko ndani ya daftari hili hili, ukurasa wa nyuma.

Bibi kaacha kuchuma. Kapu limejaa. Kanyoosha mkono, anapapasa hewani, analitafuta bega langu.

Maji yameshakuwa ya moto mdomoni.