Baba na Kiatu Kimoja

Jumanne, Agosti 1996

Mvua ya mawe ilianza saa nane ikachanachana majani ya chai. Sasa imetulia, baridi ndiyo imebaki. Nina hamu na mama mpaka naona aibu, mtu mzima kama mimi.

Hii ni wiki ya tatu tangu aende kwa mjomba, Sigor. Ukimuuliza baba, hawakugombana. Wageni wa kanisa walikuwa sebuleni, mama anawaeleza jambo, baba akamkatiza: "Wewe, leta chai." Maneno matatu tu, na hakuna lenye tusi. Ni ile sauti. Mama alileta chai, akammiminia kila mtu, kisha akafungua leso kiunoni, akaikunja mara nne na kuiweka kwenye kiti cha baba. Asubuhi hakuwepo.

Leso bado iko hapo. Baba siku hizi anakalia stuli.

Chelel, ng'ombe wetu aliyezoea kukamuliwa na mama, naye amegoma. Mimi ananipa kikombe kimoja cha maziwa na teke juu. Jana baba alisema siku ya soko atampeleka Mulot akauzwe. Alisema hivyo akiangalia ukuta.

Sitaki Chelel auzwe. Akienda, itakuwa tumekubali kwamba mama harudi.

Kwa hivyo jioni hii nimejaribu ujinga fulani. Nimeegemeza kichwa ubavuni mwa Chelel kama mama anavyofanya, nikaanza kumgombeza kwa sauti yake mama: ya chini, ya puani, ya kuvuta, ya mtu anayekukaripia huku anakukuna mgongo. "Simama vizuri, we msichana. Nani amekuudhi leo?"

Chelel akashusha pumzi. Kiwele kikajaa, maziwa yakaja. Nililia pale pale, mikono ikiendelea kukamua.

Mara mlango wa nyumba ukafunguliwa kwa kishindo.

Baba alikuja mbio kwenye matope, mguu mmoja una kiatu, mwingine soksi. Baba, ambaye hata mvua ya mawe haimkimbizi! Alichungulia nyuma ya ng'ombe, akaona ni mimi. Mabega yakamshuka.

"Nilifikiri ndama imefunguka," akasema.

Ndama alikuwa amefungwa mbele ya macho yake.

"Hapana, baba. Iko tu," nikamjibu kwa sauti yangu.

Hakuondoka. Alisimama soksi ikilowa, kichwa amekiinamisha upande wangu, kama anangoja niseme tena kwa ile sauti nyingine. Sikuweza. Nilipomaliza kukamua alikuwa amenipa mgongo, ameshika nguzo ya boma kwa mikono yote miwili.

Siwezi kumkasirikia tena. Kumbe tulikuwa na hamu moja, kila mtu chumbani kwake.

Asubuhi naenda Sigor. Najua swali la kwanza la mama: baba yako amesema nini? Hajasema kitu, na sitamdanganya.

Nitavua kiatu kimoja, nimwonyeshe baba alivyosimama.