Njia Panda Thelathini

Jumamosi, Oktoba 1997. Saa kumi na moja jioni.

Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka katikati ya kurasa hizi. Mvua bado. Nimekaa barazani kwetu, nimejifunga khanga ya mama kichwani hadi kwenye nyusi, na si kwa sababu ya vumbi tu. Sitaki mtu aone macho yangu.

Leo nimesema. Imenichukua siku mbili kusema jambo ambalo lingefaa kusemwa miezi miwili iliyopita.

Nianze na Doto, maana sijawahi kuliandika jina lake humu.

Alikuwa kijana wa kijiji cha Didia, pacha wa Kulwa. Wote wawili waliugua kifua kikuu, na wote walikuwa wanakuja kuchukua dawa kwenye kliniki ya hospitali hapa mjini. Kulwa alikuwa mkimya kama mimi. Doto alikuwa na maneno. Siku ya kwanza nilipomwona aliegemea dirisha, akanitazama ninavyoingiza kadi yake kwenye kompyuta, akasema, "Sasa binti, hii tivii yenu mbona haionyeshi mpira?" Nilicheka mpaka Sista Paskalina, mkuu wa kliniki, akanigonga begani kwa kalamu.

Hayo ndiyo maneno pekee aliyowahi kuniambia. Sasa nayasikia darasani, kanisani, kisimani. Asubuhi mwalimu akiita majina, najikuta nasubiri jina ambalo halimo kwenye daftari lake.

Mimi ndiye niliyeandika programu ya kliniki. Nimeandika sentensi hiyo nikaiangalia kwa muda. Mwaka jana ningeiandika kwa majivuno. Mama anafua mashuka pale hospitali, na Jumamosi nilikuwa namsindikiza. Kulikuwa na kompyuta iliyoletwa na wafadhili, imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama redio ya harusi, na hakuna aliyeigusa. Mimi nilikuwa na kitabu cha lugha ya kompyuta alichoniachia mwalimu wa kujitolea alipoondoka shuleni kwetu. Nilikuwa nakisoma bila kompyuta. Sista aliposikia, akavuta kitambaa.

Kazi ya programu ni moja. Kila asubuhi inatoa karatasi yenye majina ya wagonjwa waliopitisha siku yao bila kuja kuchukua dawa. Karatasi anapewa Bwana Masanja, naye anapanda baiskeli ya kliniki kwenda kuwatafuta vijijini. Mgonjwa akikatisha dawa, kifua kinarudi kikiwa kikali kuliko mwanzo. Jina likiwepo kwenye karatasi, Masanja anakwenda. Jina lisipokuwepo, hakuna anayekwenda.

Mwanzoni programu ilikuwa fupi. Halafu Sista akalalamika kwamba kadi nyingine zimeingizwa mara mbili, na Masanja anafukuzia mtu mmoja kwa safari mbili. Nikaongeza mstari: kama jina la baba ni lile lile, na kijiji ni kile kile, na mwaka wa kuzaliwa ni ule ule, basi ni mtu yule yule, ruka. Nilijiona nina akili sana. Sikufikiria mapacha. Mimi, niliyezaliwa Usukumani, ambako kila shule ina Kulwa na Doto wake!

Mwezi wa tatu Sista akauliza mbona Doto haonekani kwenye mashine. Nikaongeza mstari mwingine wa kuwarudisha mapacha. Mwezi wa sita Kulwa akahamia Chato kwa mjomba wake anayevua samaki, akaendelea na dawa huko. Nikaongeza mstari wa waliohama: mtu akihama, mwondoe kwenye hesabu, yeye na kadi zake zilizojirudia. Na kila nilipoongeza mstari, niliongeza na GOTO yake, ile amri inayoiambia mashine iache hapa iende kule. Programu ikawa kama njia za ng'ombe nyuma ya lambo. Mimi tu ndiye niliyejua kupita.

Nilidhani najua.

Mwezi wa nane Doto aliletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Alikuwa ameacha dawa tangu mwezi wa sita. Alikuwa amepata nafuu kidogo akarudi shambani, kama wanavyofanya wengi. Alikufa siku ya tatu baada ya kuletwa. Sista akamwita Masanja ofisini, nami nilikuwepo, nimekaa kwenye kile kiti cha mashine.

"Jina lake halikuwepo kwenye karatasi, Sista," Masanja alisema. "Lingekuwepo ningekwenda. Didia naenda hata nikiwa na homa."

Sista akanigeukia mimi. Nikafungua programu, nikatafuta mstari wa mapacha, nikauona pale pale nilipouweka. Nikasema, "Programu iko sawa, Sista."

Maneno manne.

Baiskeli ikafungiwa stoo. Masanja akapewa ufagio na ndoo ya vyoo, mtu mzima mwenye wajukuu. Kamati ya hospitali ikakaa, na wiki iliyopita mama alirudi na habari kwamba barua ya kumwachisha kazi imeshapigwa chapa, Sista ataisaini Jumatatu. Nilimwonea huruma, ndivyo nilivyoandika hapa. Nimerudi nyuma nikasoma: "Namwonea huruma Masanja, lakini uzembe ni uzembe." Ningependa kuuchana ukurasa huo. Nitauacha.

Alhamisi rafiki yangu Zainabu alinipa gazeti la kompyuta alilotumiwa baba yake mwenye duka la vifaa vya shule. Lilikuwa la Kiingereza, nikakaa nalo na kamusi. Ndani yake mlikuwa na makala kuhusu kupima ugumu wa programu. Unahesabu kila mahali ambapo programu inaweza kushika njia hii au ile, yaani kila njia panda, kisha unajumlisha moja. Ikizidi kumi, mwandishi anasema, binadamu ataanza kupotea humo, hata aliyeiandika mwenyewe.

Nilikuwa na programu yangu kwenye karatasi. Nikachukua kalamu nyekundu, nikahesabu kwa furaha kabisa, kama mtu anayejipima urefu mlangoni.

Njia panda thelathini. Jumlisha moja, thelathini na moja.

Sikuogopa bado. Makala ilishauri uchore ramani, nikapasua mfuko wa kaki wa sukari, nikachora duara kwa kila swali na mstari kwa kila njia. Halafu nikafanya jambo ambalo sijui kwa nini nilifanya. Nikaweka kidole mwanzo wa ramani na kusema kwa sauti, "Mimi ni Kulwa, nimehama." Kidole kikapita vizuri, kikatoka. Nikarudi mwanzo. "Mimi ni Doto, sijahama, sijachukua dawa."

Kidole kikafika kwenye swali la waliohama. Baba yule yule, kijiji kile kile, mwaka ule ule kama wa mtu aliyehama. Kadi imejirudia. Iondoe.

Mstari wa mapacha ulikuwepo, ni kweli. Ulikuwa chini, mistari ishirini mbele. Doto hakuwahi kuufikia. Tangu siku Kulwa alipopanda basi la Chato, mashine yangu ilimhesabu ndugu yake kuwa naye hayupo.

Nilirudia mara nyingi. Kila mara kidole kiliishia pale pale, na nje ya dirisha nilisikia mtu akikohoa. Hakukuwa na mtu. Nilikwenda kuangalia.

Jana sikwenda kusema. Niliandika programu upya badala yake. Najua ni woga, lakini mikono yangu ilitaka kazi. Nimeikata vipande vidogo, kila kipande kinauliza swali moja tu na kurudi. Amehama? Amepitisha siku? Kadi imejirudia? Herufi zangu za siri, X1 na K7, nimezitupa, nimeweka maneno ya Kiswahili. Swali la kadi iliyojirudia sasa linamwachia Sista kuamua, maana yeye anawajua watu na mashine haiwajui. Kipande kirefu kuliko vyote kina njia panda tatu. Nilipomaliza niliona jinsi ilivyo rahisi, na hapo ndipo nilipolia. Ingekuwa hivi mwezi wa sita, hata mama angeliona kosa.

Leo asubuhi nilimkuta Masanja anasugua ngazi za kliniki.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma, kama kawaida yake, akiniita mama kana kwamba mimi ni mtu mzima wa kuheshimiwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona umejaa makaratasi kama karani wa pamba?"

Nilimpita. Niliingia kwa Sista, nikaweka mezani programu ya zamani, mpya na ramani ya kaki. Sista akavaa miwani, akageuzageuza karatasi.

"Veronika, mimi haya mambo siyajui. Unataka nini?"

"Masanja ayasome," nikasema. Ndivyo nilivyoweza.

Akaitwa. Alifuta mikono kwenye suruali, akasimama, hakutaka kukaa. Akaanza kusoma ile mpya taratibu, kidole chini ya kila neno. "Kama amehama, mwondoe yeye peke yake. Kama kadi imejirudia, usiiondoe, muulize Sista." Akasoma tena, yeye peke yake. Alisoma mwenyewe, bila mimi kumweleza hata neno. Halafu akavuta ramani ya ile ya zamani, akauliza, "Hapa zamani palisemaje?" Nikamwonyesha.

"Kwa hiyo Doto alikuwa anaishia hapa," akasema.

"Ndiyo."

"Na siku ile ulikuwa umekaa pale."

"Ndiyo, baba."

Sista alivua miwani. Alifungua droo, akatoa barua, akaikunja mara nne na kuiweka mfukoni mwa gauni lake. Hakunigombeza. Alisema tu, "Washa mashine. Tuone kama kuna wengine."

Niliingiza programu mpya, tukapitisha kadi zote. Likatoka jina moja ambalo halijawahi kutoka kwenye karatasi yoyote: Kabula, wa kijiji cha jirani tu. Baba yake ana wake wawili, na dada yake wa mama mwingine alizaliwa mwaka ule ule, akapona, akamaliza dawa. Baba mmoja, kijiji kimoja, mwaka mmoja. Kwa programu yangu walikuwa mtu mmoja, na mtu huyo alishapona.

Sista akampa Masanja ufunguo wa stoo. Tairi za baiskeli zilikuwa zimelala. Alizijaza upepo pale uani, anahema. Akaondoka.

Nilikaa kwenye ngazi nikamngoja. Sijawahi kuomba hivyo maishani mwangu, nilikuwa narudia jina la Kabula tu. Mama alinipita na beseni la mashuka, akaniangalia, akaendelea na safari yake. Masanja alirudi saa nane na nusu, ndevu zote nyeupe kwa vumbi.

"Yupo," alisema. "Anakohoa, kakonda, lakini anatwanga. Jumatatu anakuja."

Nikaanza kumwomba msamaha. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Alinisikiliza kidogo, akainua mkono.

"Vyoo si kitu, mayu. Vyoo nimeosha, mikono nimenawa. Lakini mama yake Doto, nikipita Didia, anageuza uso. Mwanamke yule alikuwa ananipa maziwa. Anaamini mimi nilikaa kwenye pombe mwanawe akafa."

"Sista atamwandikia..."

"Hajui kusoma. Na si Sista." Alikuwa anafuta mnyororo wa baiskeli kwa kitambaa, hakuniangalia. "Barua ilikuwa ya Sista, kamaliza. Mama Doto ni wako."

Kesho baada ya misa ya kwanza ataniweka kwenye keria twende. Nimekubali. Nimekubali kwa kichwa, kama bubu.

Tangu nirudi nimekaa hapa najaribu kuandika nitakachomwambia. La kwanza lilianza hivi: "Mama, kama Kulwa asingehama, na kama kadi zisingekuwa zinaingizwa mara mbili, ingawa mstari wa mapacha ulikuwepo..." Nimelisoma nikajiona tena mimi yule wa kwenye kile kiti. Kila neno ni kichochoro cha kutorokea. Nikachukua kalamu nyekundu. Nikakata "kama" ya kwanza, nikakata ya pili, nikakata "ingawa". Nikaandika upya, nikakata tena "lakini nilikuwa sijui", maana mama yule hakuniuliza nilikuwa najua nini.

Yamebaki haya:

Mama, jina la Doto nililiondoa mimi. Masanja hakupewa. Angepewa, angekuja.

Ni mafupi, na hakuna pa kukimbilia.

Nimeyasema mara moja kwa sauti hapa barazani, upepo ukayachukua. Nitaweza kuyasema yeye akiwa ananitazama?