Baba Amelala

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wifi yako. Natumaini barua hii itakukuta unaendelea vyema, na kwamba magoti yako yamekuacha upumue kidogo. Sisi huku tuna afya, ukitoa yale ambayo uzee huyaleta bila kubisha hodi. Wifi yako anasema nisisahau kukuambia kwamba sweta uliyomfumia bado anaivaa. Viwiko vimetoboka, lakini ukimwambia aitupe, utatupwa wewe kwanza.

Kustaafu kwangu unakujua. Siku ya kuagwa walinikalisha mbele ya wafanyakazi wote wa kiwanda cha mikate, meneja akasoma karatasi ndefu. Wenzangu walipocheka, nikacheka. Walipopiga makofi, nikapiga kwa nguvu kuliko wote, mpaka msimamizi wa zamu akanishika mkono. Kumbe nilikuwa najipongeza mwenyewe. Watu waliangua kicheko, wakasema Mzee Hamira, kama walivyozoea kuniita, hata anaondoka bado anawavunja mbavu. Nikaona heri waseme hivyo.

Dada, unakumbuka jinsi nyumba yangu ilivyokuwa kimya watoto walipokuwa wadogo. Kila ulipokuja kututembelea uliwasifu kwa adabu yao, ukasema wanao wangekuwa nusu ya hivyo ungeshukuru. Nami kichwa kilivimba. Ngoja nikuambie kimya kile kilivyotengenezwa.

Nilifanya zamu ya usiku tangu nilipooa mpaka nilipostaafu. Asubuhi narudi, watoto wanakwenda shule. Naingia chumbani, dirisha limepigiliwa blanketi zito, nalala. Wao wakirudi, mimi ndiyo kwanza nimezama. Wifi yako akawa mlinzi wa usingizi wangu. Viatu vilivuliwa nje. Redio ilisikilizwa kwa kuibandika sikioni. Watoto walifundishwa kukoroga chai bila kijiko kugusa kikombe, kukohoa ndani ya mto, na wakigombana wafinyane tu, asilie mtu. Maneno yaliyosemwa sana ndani ya nyumba ile, kuliko hata majina yao, yalikuwa "Baba amelala." Jirani aliyehamia upande wa pili wa ukuta alikaa karibu mwaka mzima, ndipo akamwuliza wifi yako kwa huruma kama Mungu bado hajamjalia mtoto. Kisa hicho nilikisimulia kiwandani mara nyingi, na kila mara kwa majivuno. Mwalimu naye aliwahi kutuita, akalalamika kwamba mkubwa hajibu maswali darasani. Kumbe alikuwa anajibu, ila hakuna aliyemsikia. Hata alipokua akachagua kazi ya maktaba.

Basi, wiki ya kwanza ya kustaafu nikabandua lile blanketi. Jua likaingia, nikaona kuta za chumba changu ni za kijani. Nikamwuliza wifi yako zimepakwa lini rangi hiyo. Akanitazama kama mgeni aliyekosea mlango.

Niligundua kwamba mchana ulikuwa na wenyewe. Kiti nilichokalia sebuleni kilikuwa cha shoga yake wa saa nne. Meza niliyowekea gazeti ilikuwa ya kukatia nguo. Tukitembea mtaani, fundi viatu wa kwenye kona anaweka sindano chini kabisa ili amcheke vizuri mke wangu, maana kila akipita lazima amrushie neno. Sikuwahi kujua, Dada, kwamba nimeoa mcheshi. Nilikuwa nikimwona kwenye chakula cha jioni, nimeamka na uso umevimba, natafuta soksi.

Binti yetu mdogo anakaa karibu, na asubuhi hutuachia mwanawe wa kike wa miaka mitatu. Mtoto huyo ana sauti ya tarumbeta. Siku moja nimekaa barazani, macho makavu, viatu miguuni, mjukuu akaja akipiga kelele kuhusu mjusi. Mama yake akamkimbilia, akamfunika mdomo kwa kiganja, akamwambia babu amelala. Nikamwambia, "Mwanangu, mbona niko macho?" Akashtuka. Akaja karibu akaniomba radhi, akasema lilimtoka tu, hajui limetoka wapi.

Hapa lazima nikueleze jambo la masikio yangu. Mashine ya kukandia unga ilinguruma mgongoni mwangu miaka yote ile, na trei za chuma zilikuwa zikigongana pembeni usiku kucha. Kiwandani tulizoea kuongea kwa mikono na kwa kope, kwa hiyo sikujua ninachopungukiwa. Nilipoanza kukaa nyumbani ndipo nikaona midomo inacheza na hakuna kinachotoka. Mjukuu nilimsikia, na lile la "babu amelala" nililisoma kwenye midomo ya mama yake. Wengine wote wa nyumba ile, wale niliowalea kwa kunong'ona, sikuwasikia. Sikumwambia mtu. Niliona aibu. Nikajifundisha kutikisa kichwa, kutabasamu, na kusema "vizuri, vizuri." Ukimwambia mtu vizuri, ni nadra akuulize unamaanisha nini. Wifi yako alidhani kustaafu kumenipa kiburi, kwamba ananisemesha nami namdharau. Nilimwacha adhani hivyo.

Ikafika Jumamosi moja, kijana wetu mkubwa akaja peke yake. Mkewe alikuwa mjamzito, mimba imeshakuwa kubwa, nami nikadhani amebaki nyumbani kupumzika. Mama yake alikuwa jikoni. Kijana akakaa kwenye kochi, akainamisha kichwa, akaanza kuzungumza huku anatazama vidole vyake. Alizungumza kwa muda. Mimi nilikuwa natazama utosi wake. Mara ya mwisho alipokuja alituonyesha barua kwamba huenda akapandishwa cheo pale maktaba, basi nikajiambia habari ndiyo hiyo. Alipomaliza akainua uso akanitazama, akasubiri.

Nikampiga bega. Nikamwambia, "Vizuri sana, mwanangu. Mungu ni mwema. Ulistahili kabisa."

Dada, sijui nikueleze vipi uso ule. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayesoma kibao kwa mara ya pili ili ahakikishe kimeandikwa hivyo kweli. Kisha akasimama, akachukua kofia yake, akatoka. Mama yake alipoleta chai akamkuta hayupo, akaniuliza, nami nikamwambia kijana ana haraka, amepata cheo.

Jioni mkwe wetu, mke wa kijana, akapiga simu kwa wifi yako. Nilimwona akisikiliza, nikaona anatafuta kiti kwa mkono bila kukitazama. Alipomaliza akaja akasimama mbele yangu, na safari hii alipaza sauti, nikasikia. Mtoto alikuwa amezaliwa kabla ya wakati wake, amefariki. Kijana alikuja kuniambia mimi kwanza, kabla ya mama yake, kwa sababu hakujua aanzie wapi kumwambia mama.

Nikamwambia wifi yako kwamba nilidhani ni cheo. Akakaa. Akanitazama muda mrefu, halafu akaufunika mdomo wake kwa kiganja, na macho yake hayakubanduka usoni pangu. Nilijua anasema kitu nyuma ya kile kiganja. Nilingoja. Aliposhusha mkono, machozi yalikuwa yanamtiririka. Baadaye aliniambia swali lilikuwa "Tangu lini?"

Kesho yake asubuhi nilipanda basi nikaenda kwa kijana. Wanakaa ghorofa ya tatu, na ngazi zile nilizipanda nikipumzika kila kona, si kwa uchovu tu. Mkwe ndiye aliyenifungulia. Alinipisha, akaingia chumbani, akafunga mlango. Ukumbini palikuwa na kitanda cha mtoto bado kimo ndani ya boksi lake, nikalazimika kupita upande upande.

Kijana alikaa mbele yangu, midomo ikaanza kucheza. Nikamkatiza. Nikamwambia, "Mwanangu, baba yako ni kiziwi. Jana sikusikia hata neno moja. Nakuomba uniambie tena, na upaze sauti."

Hakuniamini. Nadhani aliona natafuta pa kujifichia. Akajaribu tena, midomo ikafunguka zaidi, lakini sauti haikuja. Nikaona mishipa ya shingo imesimama. Ilikuwa kana kwamba mtu anasukuma mlango uliokaa miaka bila kufunguliwa. Halafu ukafunguka.

"Mtoto amekufa, baba!"

Nilisikia. Nilisikia vizuri sana. Na alipokwisha kuanza hakuweza kuacha. Alipiga kelele kwamba alimbeba mwenyewe, kwamba alikuwa mwepesi kuliko kitabu. Jirani akagonga ukuta, yeye akaendelea. Akatoka kwenye hilo, akarudi nyuma, akafika kwenye mambo ambayo sikujua kwamba bado yako hai. Unakumbuka alivyovunjika mkono akiwa darasa la pili? Nimekusimulia mara ngapi kwamba mwanangu ni shujaa, alivunjika mkono asitoe chozi? Siku ile mama yake alikuwa amekwenda kliniki na mdogo wake. Kijana alianguka kutoka ukutani, akaja ndani ameushika mkono, akauma kola ya shati lake ili asiniamshe, akakaa chini mlangoni pa chumba changu. Alikaa pale mpaka nilipoamka mwenyewe jioni. Aliniambia alikuwa anasikia nikikoroma. Alisema kwa sauti ya juu kabisa, "Nilikuwa nahesabu unavyokoroma, baba, nikisema sasa hivi ataamka!"

Nilikaa nikasikiliza mpaka sauti ikamkauka, akaanza kukohoa, nikaenda nikamletea maji. Nilipitia makabati mawili kabla ya kuipata glasi, maana sikuwa naijua nyumba ya mwanangu.

Ndipo mlango wa chumba ukafunguliwa. Mkwe akatoka, akakaa karibu yangu kwenye mkono wa kiti, akainama mpaka sikioni. Akaniambia alikuwa wa kike. Akaniambia alikuwa na nywele nyingi. Hilo la nywele sikulipata mara ya kwanza, nikamwomba arudie. Akarudia kwa nguvu, "Nywele nyingi, baba! Nywele nyingi sana!" Na aliporudia, kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea kidogo, kama mtu aliyekuwa anangoja aulizwe. Tukakaa pale watatu tukimzungumzia yule mtoto kwa kelele, mchana kweupe, na yule jirani hakugonga tena.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza sana. Nimepata wasaa, na barazani pana kivuli. Niliamini kwamba baba ni yule anayeleta mkate, nami niliuleta, tena wa moto, hawakulala njaa hata siku moja. Ila waliutafuna taratibu ili nisisikie. Hilo siwezi kulirudisha. Kijana hakusema amenisamehe, nami sikumwomba, nimeona ombi hilo lingekuwa kumtwisha kazi nyingine. Anakuja Jumamosi. Ananipeleka kwa daktari wa masikio, ambaye amesema kilichokwenda kimekwenda, ila kipo kifaa cha kunisaidia na kilichobaki. Wifi yako sasa ananipigia kelele kutwa, na nimeanza kupata vichekesho vyake, ingawa kwa kuchelewa, fundi viatu akiwa ameshamaliza kucheka. Kuna asubuhi nakaa pale barazani, mjukuu anapiga makelele yake, nasikia moyo umetulia kabisa. Halafu namkumbuka mwingine, yule wa nywele nyingi. Vyote viwili hukaa kwenye kiti kimoja nami, nimeacha kukifukuza chochote.

Lakini sina raha, Dada, na sababu ni wewe.

Simu zako za mwaka huu sikuzisikia, hata moja. Nilikuwa naona jina lako kwenye kioo, naweka simu sikioni, nasikia mvumo kama wa nyuki ndani ya chupa. Mvumo ukikatika nasema vizuri. Ukirudi nasema tumshukuru Mungu. Ile ya mwisho ulizungumza muda mrefu kuliko kawaida yako. Mwishoni ulinyamaza ukangoja, kama kijana alivyongoja. Nami nikacheka, nikakuambia usijali, yote ni heri. Ukakata. Hujanipigia tena.

Sijui uliniambia nini. Labda yalikuwa maneno ya majirani tu, na nahangaika bure. Labda ulikuwa unaumwa. Labda ni shemeji, nami sikuthubutu hata kuandika salamu zake, kwa kuwa sijui kama naulizia mtu aliye hai. Wifi yako alitaka kukupigia siku ileile nilipomwambia. Nikamwomba aniachie. Ulilisema kwangu, mimi ndiye wa kukuuliza tena.

Barua hii binti yangu anakuletea kwa mkono. Nimemwambia asirudi bila jibu. Bado anaongea kwa chini, usimkemee, si kosa lake. Mpe jibu la maandishi, na kama magoti yanaruhusu, njoo naye. Njoo ukae hapa barazani uniambie upya tangu mwanzo, kwa sauti kubwa, hata mtaa mzima usikie. Likiwa la kuumiza, acha liumize. Nitakuwa macho.

Wifi yako anakukumbatia, na mkubwa na mkewe wanakuamkia kwa heshima. Mjukuu hakutaka kuandikiwa salamu, amesema atakuja kuzipiga kelele mwenyewe. Nakuaga kwa leo, nikiwa na hofu na upendo mwingi.

Ni mimi mdogo wako,
Kibonge