Udongo Niliompelekea Mama

Jumamosi, 8 Februari 1997

Tumemaliza kukwangua udongo wa juu Shirimatunda, panapojengwa mabweni ya chuo. Wa kona ya chini ni mweusi tii, laini – unatamani kuula! Mchaga gani atauona udongo kama ule unamwagwa ovyo akanyamaza? Nimemwomba Sirili, dereva wa tipa, apeleke tripu moja kwa Mama, Uru. Karudi na mkungu wa ndizi. Anasema Mama atapanda mnafu, mboga ya majani ya mzazi. Mzazi ni Priska wangu, amejifungua juzi juzi tu. Miezi mitatu kwa mama mkwe, kazi yake kula na kunyonyesha. Mimi ni baba wa wikiendi.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoka Uru. Priska kanenepa, mashavu yanang'aa! Mnafu umestawi hadi majirani wanaomba mbegu. Mama haupi mdomo wa Priska nafasi ya kupumzika, kila saa bakuli la mnafu. Mwanangu Remigius kanishika kidole, hataki kukiachia. Nina furaha kupita kiasi.

Jumatano, 12 Machi

Balaa. Katapila limegonga mapipa kona ya chini. Yameoza kwa kutu, yanavuja unga mweupe. Harufu inakaba koo! Opereta karuka chini, katapika. Jirani anasema enzi za walowezi palikuwa na ghala la dawa za kuulia wadudu wa kahawa. Hakuna mchoro unaoonyesha.

Mhandisi Calvin, bosi wetu, hakumfokea mtu. Kasimamisha kazi, kaweka uzio, kafunika kifusi kwa maturubai – masika yamekaribia, na mfereji wa mashamba ya watu unapita hapo chini. Sampuli zimeenda Dar.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi Calvin kaniuliza, kwa upole tu: udongo wa juu wa kona ile, ule wa Februari, uko wapi?

Nikamwambia mwingi uko kwenye rundo, tripu moja iko kwa mama yangu. Umepandwa nini? Mnafu. Nani anakula? Mke wangu, na ananyonyesha.

Kavua kofia. Kasema majibu ni wiki mbili, huenda ule wa juu ni salama, ila angekuwa yeye asingesubiri. Kanipa ufunguo wa gari lake.

Nilimkuta Mama jikoni.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba baba. Kaa ule kwanza."

Nilitaka kuanza taratibu. Yakatoka yote kwa mkupuo. Mama kaepua sufuria. Hakunigombeza – afadhali angenigombeza! Katoka kung'oa mnafu, wote, kwa mikono. Kisha kwa mazoea akaubeba kumpelekea ng'ombe. Nikapiga kelele: "Mama, hapana!" Kasimama na ule mzigo kifuani. "Sasa niupeleke wapi, mwanangu?"

Ndani Remigius akaamka na njaa. Priska kamnyanyua, kafungua vifungo vya gauni, halafu kasita.

"Baba Remi, nimpe au nisimpe?"

Miaka minne nimesomea uhandisi. Sijui!

Tuko kwenye benchi la zahanati. Nesi mwenyewe hajui kama mtoto anyonye, hajawahi kuulizwa hivyo; anasema daktari yuko njiani. Anatuonea huruma, kaleta maji ya uvuguvugu na kijiko. Mtoto anayatema. Gauni la Priska limelowa maziwa kifuani. Kageuzia kifua ukutani ili Remigius, niliyempakata mimi, asisikie harufu ya maziwa.

Kelele za mtoto zimepungua sasa. Hazijaisha, zimepungua tu.