Gauni Lisilo na Mgongo

Kwako Kitinda, mdogo wangu wa pekee,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mchumba wako, na kwamba kile kikohozi chako cha asubuhi kimekuacha. Mimi ni mzima wa mwili. Shemeji yako hajambo, bado anakoroma kama mashine ya kusaga, na watoto wanauliza kama keki ya harusi yako itakuwa ya kweli au ya maboksi. Habari za mama zinakuja. Nakuomba usiruke mistari ili uzifikie, maana nikizitanguliza hutasoma hizi nyingine, nazo ndizo zinazozieleza.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu yangu siku hizi anakaa nayo mama. Ukipiga anapokea yeye, na nikipiga mimi anataka kusikia ninachosema. Ndiyo maana nimempa barua hii dereva anayetuletea vitambaa, nikamwapisha akukabidhi mkononi.

Nianzie siku wakwe zako walipokuja kututazama mara ya kwanza. Mama alivaa gauni lake la bluu, na lilikuwa limeanza kumpwaya. Mimi sikuliona hilo, kwa sababu namwona mama kila siku. Aliyeliona ni shangazi wa mchumba wako, yule wa miwani ya mnyororo. Alikula, akashukuru, kisha akakuvuta pembeni na kukuuliza kama mama anaumwa, na kama ugonjwa wenyewe ni wa ukoo, kwa sababu wao hupenda kujua binti yao anaingia nyumba gani. Jioni ile ulinipigia umefura. Ulisema mama ametutia aibu, anaonekana kama mtu aliyetoroka mochwari, na kwamba iweje fundi mzima ashindwe kumfanya mama yake aonekane mtu mbele za watu. Nilikujibu ovyo, tukakatiana simu.

Kesho yake mama alikuja kwenye cherehani yangu na magauni yake yote mkononi, akasema anataka yabanwe. Nilipochukua futi nimpime, alicheka akaniuliza kama namchukulia vipimo vya jeneza. Nami nikacheka, futi nikairudisha shingoni. Ndivyo tunavyofanya mafundi: mgeni tunampima na kuandika, mtu wa nyumbani tunambana kwa pini akiwa amelivaa gauni, jicho linatosha. Laiti ningempima siku ile, na mwezi uliofuata nikampima tena, namba zingenipigia kelele.

Tangu hapo kila gauni lilipopwaya alilileta, nami nikalibana. Mshono ukikaa vizuri fundi huridhika. Jicho letu limezoea kutazama nguo, mwili ni kitu cha kuitundikia tu. Nilimwona mama amependeza, na kwa kuwa amependeza nikamwona mzima. Alipozidi kukonda alinifundisha mwenyewe kumzungushia shali kiunoni chini ya gauni, kumwekea pamba mabegani, na kumpaka poda nyekundu mashavuni. Nilijidanganya kwamba ni urembo wa mama wa bwana harusi.

Na watu walivyomsifu, Kitinda! Yule mwenye duka la pembeni, ambaye hata salamu anaitoa kwa kipimo, alianza kumletea kiti na kumwita bibi harusi. Wakwe zako waliporudi mara ya pili, shangazi alimshika mama mikono yote miwili, akasema hii ni familia yenye damu nzuri. Ukanitumia ujumbe wa kunishukuru. Mama aliniomba niusome mara mbili.

Kumbe tumbo lilikuwa linamkaza kila alipokula. Aliponiambia nilimpeleka zahanati, naye hakukubali kutoka mpaka avae gauni lake la zambarau na hereni. Pale mlangoni kuna muuguzi anayepanga foleni kwa macho: anayeonekana taabani anatangulia, mwenye nafuu anasubiri. Alimtazama mama juu mpaka chini, akamtania kwamba amekuja kumwona mgonjwa gani. Tulikaa kwenye benchi mpaka watu wote wakaisha. Daktari naye, kijana mwenye shati lililonyooka, alisema mama ana afya kuliko yeye, akampa vidonge vya kuongeza nguvu. Hakumwomba afungue gauni. Mimi nilijua kilichokuwa chini ya gauni lile, lakini mama alinifinya mkono nikanyamaza. Njia nzima alitembea kwa furaha, akirudia kwamba daktari amesema bado ni kijana.

Sasa habari zenyewe. Mama alianguka kwenye chumba changu cha kushonea, katikati ya mabaki ya vitambaa. Safari hii tulimbeba akiwa na gauni la kulalia hadi hospitali kubwa, hakuna poda wala hereni, na mlangoni walituruhusu kupita mbele ya kila mtu. Walipomvua, muuguzi mmoja aliuliza nani anaishi na mtu huyu. Nilisema ni mimi. Akaniuliza nafanya kazi gani. Kitinda, niliivua futi shingoni nikaificha mfukoni.

Ni uvimbe tumboni, umeshasambaa. Daktari amesema ungekamatwa mapema wangejaribu kupasua, lakini sasa kilichobaki ni kumpunguzia maumivu.

Nina mawili ya kukuungamia. La kwanza: jioni ile uliponipigia, simu ilikuwa mezani, nimeifungulia sauti, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa kwenye kitambaa. Mama alikuwa nyuma ya pazia la kujaribia nguo, analivua lile gauni la bluu. Alisikia neno la mochwari kama ulivyolitamka. Hakulitaja hata siku moja, wala mimi sikumuuliza. Sikuandikii haya ili nikutwike mzigo peke yako, wewe ulisema tu, aliyeshika sindano ni mimi. Lakini nina hasira nawe, na nisingekuwa dada yako kama ningekuficha.

La pili ni ile picha niliyokutumia juzi, mama akiwa na gauni la kijani la harusi yako, ukajibu kwamba amenenepa na kwamba mikono yangu ni dhahabu. Gauni lile halina mgongo. Mama hawezi tena kuketi wala kuinua mikono kupita mabega, kwa hiyo nililikata nyuma kuanzia shingoni hadi kwenye pindo, nikamtandikia kwa mbele akiwa amelala, nikalibana kwa pini kwenye godoro. Mto wa hospitali niliufunika kitambaa cha maua ufanane na kiti. Yeye ndiye aliyenielekeza, akaomba poda, akatabasamu. Tulipomaliza nilitaka kulishonea mgongo wake, akasema niliache, kwenye jeneza litamfaa hivyo hivyo. Nilitoka nje nikalia mpaka mlinzi akaniletea maji.

Ameniapisha nisikwambie lolote mpaka harusi ipite, kwa sababu ukiahirisha wakwe watauliza sababu. Nilimkubalia kwa mdomo tu. Daktari hakutaka kutaja siku, alisema tu tuwaite wanaotaka kumkuta. Njoo, Kitinda. Njoo na nguo ulizovaa.

Wasalimie rafiki zako na majirani wote. Mchumba wako mwambie au usimwambie, hilo ni lako. Shemeji yako anakusalimu sana, na watoto pia.

Ukiingia wodini usimtafute mama wa kwenye picha, utampita. Shemeji yako alimpita, naye anaishi naye nyumba moja. Ni kitanda cha pili kutoka dirishani. Akisikia sauti yako atajifunika uso kwa shuka, nawe ndiye pekee anayejifunika mbele yake. Mfunue taratibu, mtazame, na nakuomba mdogo wangu, usigeuze macho.

Ni mimi dada yako,
Fundi